Risala ya Wagonjwa wa Moyo na Figo wa Unguja kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar,
Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi,
Madaktari, wauguzi na watumishi wote wa afya,
Masheha wetu, wazee wetu, mabibi na mabwana,



Tumekutana kwa mnasaba wa Siku ya Figo Duniani, inayoadhimishwa kila Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi. Tunaotoa risala hii ni wagonjwa wa moyo, wagonjwa wa figo na jamaa zetu wanaotuuguza. Tumetoka Mji Mkongwe na Ng'ambo, Fuoni na Mwanakwerekwe, Donge na Mkokotoni, Chwaka, Jambiani na Makunduchi. Wengine wamevuka maji kutoka Tumbatu. Miongoni mwetu wamo wavuvi, wakulima wa mwani, walimu wa skuli, wachukuzi wa bandarini Malindi, na akina mama ambao maradhi ya moyo yaliwakuta wakiwa bado wananyonyesha.

Mheshimiwa Waziri, tuna mengi ya kusema, lakini yote yanatoka kwenye shina moja. Moyo ukishindwa, figo huumia. Figo zikiumia, moyo huzidi kushindwa, na mgonjwa hufa mapema kuliko alivyopaswa. Pamoja na hayo, tunatibiwa kana kwamba ni maradhi mawili ya watu wawili. Tunadai kwamba asiwepo mgonjwa wa moyo hata mmoja katika kisiwa hiki anayepewa dawa bila figo zake kupimwa na majibu yake kusomwa.

SHUKRANI

Tangu mwaka 1964, Serikali ya Mapinduzi ilipotangaza matibabu bila malipo, Mzanzibari amekua akiamini kwamba maradhi hayapaswi kumbagua maskini na tajiri. Imani hiyo bado tunayo. Tumeziona hospitali za wilaya 10 na Hospitali ya Mkoa ya Lumumba zikijengwa. Tumeuona Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ukianzishwa mwaka 2023. Huduma ya kusafisha damu, ambayo zamani mtu aliifuata Dar es Salaam akahamia huko pamoja na mwangalizi wake, sasa inapatikana hapa Mnazi Mmoja. Upande wa pili wa bahari, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, imewapasua na kuwarejesha nyumbani salama wengi wa jamaa zetu. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018.

Tunayataja haya kwa dhati ya nyoyo zetu. Tunapolalamika hatuikani kazi iliyofanyika. Tunaomba kazi hiyo imfikie pia mgonjwa ambaye hajafika kwenye mashine ya kusafisha damu wala kwenye meza ya upasuaji, ambaye tukimpima leo tunaweza kumwepusha na vyote viwili.

HALI ILIVYO

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Kiasi cha moja ya tano ya damu hiyo, pengine hadi robo, huenda kwenye figo mbili ambazo uzito wake kwa pamoja haufiki nusu kilo. Kwa siku moja figo huchuja karibu lita 180 za majimaji, zikarejesha mwilini karibu yote, na zikatoa lita moja au mbili tu kuwa mkojo.

Moyo ukidhoofika, figo hupigwa kutoka pande mbili. Kwanza, damu inayozifikia hupungua. Pili, na hili wengi wetu hatukuwahi kuelezwa, damu ambayo moyo umeshindwa kuipokea hujaa nyuma kwenye mishipa ya vena, ikazibana figo kutoka kwenye mlango wake wa kutokea. Figo hufanya kama zifanyavyo mwili unapokaukiwa: huzuia chumvi na maji visitoke. Maji hayo huurudia moyo uliokwisha kuchoka. Miguu huvimba, tumbo hujaa, pumzi hukatika, na mtu hulala amekaa kitako kwa kuogopa kujinyoosha.

Figo nazo zikianza kufa, hulipiza kwa moyo. Presha hupanda. Damu hupungua, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa homoni inayouamrisha uboho kutengeneza chembe nyekundu. Misuli ya moyo hunenepa na kukakamaa. Potasiamu hulimbikizana hadi kuweza kuusimamisha moyo ghafla.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1836 daktari Robert Bright wa London alikwisha kuandika kwamba watu waliokufa wakiwa na figo zilizosinyaa walikutwa na mioyo iliyonenepa. Mwaka 2008 Claudio Ronco wa Italia na wenzake waliupanga uhusiano huu katika aina tano, kulingana na kiungo kilichotangulia kuumia na kasi ya maradhi. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za wagonjwa wa moyo zaidi ya milioni moja. Asilimia 32 kati yao walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, na uwezekano wao wa kufa ulikuwa zaidi ya mara mbili ya wale ambao figo zao zilikuwa nzima.

Wala mtu asiseme hizo ni habari za Ulaya. Hapa hapa Tanzania, Profesa Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi pale Muhimbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, umri ambao mtu bado anasomesha watoto. Chanzo kikubwa kilikuwa presha, kwa asilimia 45 ya wagonjwa. Watafiti walipotafuta ni nini kinachomtambulisha mgonjwa aliye karibu zaidi na kifo, walikuta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, upungufu wa damu, na uwezo mdogo wa figo kusafisha kreatinini, yaani taka ya misuli inayochujwa na figo. Walikuta pia kukosa elimu. Utafiti mwingine wa timu hiyo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa moyo walikuwa na upungufu wa damu. Katika mkoa wa Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta watu 7 katika kila watu wazima 100 wana ugonjwa sugu wa figo. Mjini idadi hiyo ilizidi ya shamba kwa mbali, na katika kila wagonjwa 10, takriban mmoja tu ndiye aliyejijua.

Na sisi je? Uchunguzi wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu alikuwa na presha ya kupanda. Presha hiyo ndiyo inayopanua moyo, na ndiyo hiyo hiyo inayochakaza vichujio vya figo. Mtu wa Mchangani au wa Kizimkazi mwenye presha isiyotibiwa anaviumiza viungo vyote viwili kwa wakati mmoja, kimya kimya. Siku ya kwanza anapofika hospitali akihema, figo zake huenda zimeshapoteza nusu ya kazi.

MALALAMIKO YETU

La kwanza ni kupewa dawa bila kipimo. Vidonge vya kukojoa tunavyoviita Lasix, dawa za jamii ya enalaprili na losatani, pamoja na spironolaktoni, ni dawa njema zinazookoa maisha. Zote hugusa figo. Utaratibu unaojulikana ni kupima kreatinini na potasiamu kabla ya kuzianza, kisha kurudia baada ya wiki moja au mbili, na kila dozi inapobadilishwa. Wengi wetu tumetoka wodini na mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, hapana kipimo katikati. Wako walioishia kuletwa usiku wamebebwa, potasiamu imeshapanda. Wako pia waliokaushwa maji kupita kiasi hadi figo zikalala. Hatumtaji mtu wala hospitali, kwa sababu tunajua daktari mmoja anayehudumia foleni ya asubuhi nzima hana nafasi ya kukumbuka kila kitu. Utaratibu ndio unaopaswa kumkumbusha.

La pili ni vitendanishi. Kreatinini ni kipimo rahisi kuliko vingi. Hata hivyo, mgonjwa hufika maabara akaambiwa vitendanishi vimekwisha, au mashine haifanyi kazi, aende kupima kwa pesa yake nje. Aliyetoka Tumbatu ameshalipa boti hadi Mkokotoni na daladala hadi Darajani. Pesa ya kipimo cha nje hana. Anarudi nyumbani bila jibu, na dawa zile zile.

La tatu ni jibu linaloficha ukweli. Maabara nyingi huandika kreatinini peke yake. Bibi wa miaka 70, mwembamba, ana misuli michache, kwa hiyo hutoa kreatinini kidogo. Namba yake itaonekana nzuri ilhali figo zake zimechoka. Kinachotakiwa ni kasi ya uchujaji, inayokokotolewa kwa kreatinini, umri na jinsia. Ikiwa chini ya 60 kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Kanuni za zamani zilimwongezea mtu mweusi alama kwa rangi yake tu. Kanuni ya CKD-EPI ya mwaka 2009 iliongeza karibu asilimia 16, hivyo figo iliyochoka ikasomeka kuwa nzima. Kanuni hiyo iliandikwa upya mwaka 2021 na kigezo cha rangi kikaondolewa. Hatutaki kupimwa kwa kanuni iliyotudhania kuwa wazima kwa sababu ya ngozi zetu.

La nne ni kliniki mbili zisizosemezana. Mgonjwa ana kadi ya moyo na kadi ya figo, na siku mbili tofauti. Huku anaambiwa aongeze dawa ya kukojoa ili pumzi itulie, kule anaambiwa aipunguze ili figo zipumue. Huku anaanzishiwa enalaprili, kule anaisimamisha. Kupanda kidogo kwa kreatinini mwanzoni mwa dawa hizo, hadi asilimia 30, mara nyingi huvumilika na dawa huendelea kumlinda mgonjwa. Hilo linahitaji madaktari wawili wakae pamoja waamue. Uamuzi huo sasa tumeachiwa sisi, ambao hatukusomea udaktari. Wengi huishia kuacha dawa zote, kwa kuamini kwamba dawa ndizo zilizoua figo zao.

La tano ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa dukani kama karanga, bila cheti na bila swali. Mtu aliyebeba magunia siku nzima au aliyeinamia mwani tangu maji kupwa hununua kidonge akalale. Kwa mgonjwa wa moyo na figo, dawa hizo huzuia chumvi na maji, hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na hupambana na dawa alizoandikiwa hospitali.

La sita ni dawa mpya kutotufikia. Mwaka 2019 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba dapagliflozini, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya kisukari, hupunguza kwa asilimia 26 hatari ya mgonjwa wa moyo kuzidiwa au kufa kwa maradhi hayo, hata asipokuwa na kisukari. Mwaka 2020 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba kwa wagonjwa wa figo dawa hiyo hupunguza kwa asilimia 39 hatari ya figo kuporomoka au mtu kufa kwa maradhi ya figo au ya moyo. Kidonge kimoja kwa siku kinavilinda viungo vyote viwili. Hataza yake ya kwanza nchini India ilikwisha mwaka 2020, na viwanda vingi vya huko vinaitengeneza. Kwetu inabaki kuwa dawa ya mwenye uwezo wa kuinunua mwenyewe.

La saba linawahusu mama zetu na dada zetu. Moyo unaweza kushindwa katika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano baada ya kujifungua. Mwanamke aliyepandwa na presha na kutoa protini kwenye mkojo wakati wa ujauzito hubaki na hatari ya moyo na figo maisha yake yote. Akivimba miguu na kukosa pumzi baada ya kujifungua, huambiwa ni uzazi, utapita. Akimaliza arubaini, hakuna anayempima presha tena wala mkojo.

La nane ni Ramadhani. Kila mwaka mwezi mtukufu hutukuta bila maelekezo. Mgonjwa hufunga huku anakunywa Lasix katika joto la mchana, au huhamisha dawa zote usiku kwa kubahatisha, au huacha kabisa. Qurani imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, lakini mgonjwa hawezi kujua yuko upande gani wa ruhusa hiyo kama hajui figo zake zinachuja kiasi gani.

MADAI YETU

Mheshimiwa Waziri, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu ambaye figo zake zimekufa anahitaji kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, maisha yake yote au mpaka apate figo ya kupandikizwa. Kulinganisha gharama hiyo na ya kipimo cha kreatinini ni kazi ambayo mhasibu yeyote wa Wizara anaweza kuifanya kwa dakika chache. Kwa hiyo tunadai yafuatayo:

1. Utolewe mwongozo wa Wizara, wenye nguvu katika kila hospitali ya Unguja na Pemba, kwamba kila mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi apimwe kreatinini, potasiamu, wingi wa damu na protini kwenye mkojo siku ya kugunduliwa. Kreatinini na potasiamu zirudiwe wiki moja hadi mbili baada ya kuanza au kubadilisha dawa, kisha angalau kila baada ya miezi mitatu au minne. Asitolewe wodini mgonjwa ambaye tarehe ya kipimo chake cha kwanza haikuandikwa kwenye kadi.

2. Vitendanishi vya vipimo hivyo viingizwe katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa kukosekana, sawa na dawa za dharura. Kila hospitali ya wilaya iwe na mashine inayofanya kazi na fundi wa kuitengeneza. Vikiisha, sampuli ya damu isafirishwe kwenda hospitali nyingine, na mgonjwa asifukuzie maabara za mjini.

3. Kila maabara iandike kasi ya uchujaji pamoja na kreatinini, kwa kanuni ya mwaka 2021 isiyo na kigezo cha rangi. Ikishuka chini ya 60 iandikwe kwa alama inayoonekana, na chini ya 30 daktari apigiwe simu siku hiyo hiyo.

4. Ianzishwe kliniki ya pamoja ya moyo na figo, angalau siku moja kwa wiki mjini. Madaktari wake watembelee kwa zamu hospitali za kaskazini na kusini. Mgonjwa awe na kadi moja, orodha moja ya dawa, na daktari mmoja mwenye dhamana ya mwisho. Rufaa ya kwenda Dar es Salaam iambatane na majibu yote ya figo, ili mtu asianze upya akishuka botini.

5. Dapagliflozini au dawa nduguye, empagliflozini, iingizwe katika orodha ya dawa muhimu za Zanzibar kwa wagonjwa wa moyo na wa figo, inunuliwe kwa jumla kupitia Bohari Kuu ya Dawa, na igharimiwe na Mfuko wa Huduma za Afya. Vilevile upungufu wa madini ya chuma upimwe na utibiwe, kwa kuwa damu kidogo ni mzigo wa tatu juu ya moyo na figo.

6. Mfuko wa Huduma za Afya ueleze bayana namna mvuvi, mkulima wa mwani, mchukuzi na mama wa nyumbani watakavyoingia, na namna asiye na uwezo atakavyolipiwa. Vipimo vya figo kwa mwenye presha, kisukari au maradhi ya moyo viwe bila malipo kabisa, hata kabla hajasajiliwa.

7. Maduka ya dawa yakaguliwe, na diklofenaki na ibuprofeni zisiuzwe kabla mnunuzi hajaulizwa kuhusu moyo, figo, presha na ujauzito. Bango la onyo kwa Kiswahili libandikwe kaunta.

8. Kila mwanamke aliyepata presha ya mimba apimwe presha na mkojo baada ya arubaini, kisha kila mwaka. Wahudumu wa afya ya jamii wa mpango wa Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mama na mtoto, wafundishwe kuuliza juu ya pumzi na miguu iliyovimba, na wapewe mashine za presha.

9. Wizara ishirikiane na Ofisi ya Mufti wa Zanzibar kutoa maelekezo ya saumu kwa wagonjwa wa moyo na figo, na kila mgonjwa apimwe figo katika mwezi wa Shaabani ili aingie Ramadhani akijua kama anaweza kufunga na dawa zake azinywe saa ngapi.

10. Kianzishwe kitabu cha takwimu cha wagonjwa wa moyo na figo kwa Zanzibar nzima. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773. Tunataka ijulikane ni wangapi kati yetu moyo na figo zao zinashindwa pamoja, wangapi wanapimwa, wangapi wanakufa na kwa nini, na taarifa hiyo isomwe hadharani kila Machi.

WAJIBU WETU

Hatukuja kudai tu. Tunajua kwamba daktari hawezi kuingia jikoni kwetu. Tunaahidi kupunguza chumvi, na tunasema hili tukijua tunaligusa sinia la kila nyumba: papa mkavu, ng'onda, achari, na mkono unaoongeza chumvi hata kabla ya kuonja. Tutawaeleza wenzetu kwamba maji ya dafu na ndizi, ambavyo ni afya kwa mtu mzima, vina potasiamu nyingi, na kwamba mgonjwa wa figo aulize kabla ya kunywa na kula. Tutajipima uzito kila asubuhi, na aliyeongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu hatangoja tarehe ya kliniki. Hatutaacha dawa bila kumwambia daktari. Dawa za mitishamba tunazotumia tutazitaja bila kuficha, na tunawaomba madaktari wazisikilize bila kutukaripia.

Tutajitolea katika shehia zetu. Tunao miongoni mwetu walimu wastaafu wanaoweza kusoma kadi ya jirani asiyejua kusoma na kumkumbusha tarehe ya kipimo. Utafiti wa Muhimbili ulituonyesha kwamba kukosa elimu ni miongoni mwa mambo yanayomsogeza mgonjwa wa moyo karibu na kifo. Kazi hiyo ya jirani kwa jirani tunaichukua sisi, na tunaomba Wizara itupe mafunzo na vitabu vya Kiswahili chepesi.

HITIMISHO

Mheshimiwa Waziri, Zanzibar iliwahi kuipunguza malaria hadi chini ya asilimia moja kwa miaka mingi, kwa vyandarua, kwa dawa, na kwa kumfuata kila mgonjwa hadi nyumbani kwake. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba kisiwa ni maskini mno kwa kazi hiyo. Anayeongoza nchi yetu leo, Dk. Hussein Ali Mwinyi, mwenyewe ni daktari, na anajua maana ya potasiamu iliyopanda. Maarifa yapo, wataalamu wapo, na majengo yamekwisha kusimama. Kilichobaki ni uamuzi kwamba moyo na figo za Mzanzibari zitatazamwa pamoja, na kwamba kipimo chake hakitategemea bahati ya siku wala pesa ya mfukoni.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai, moja baada ya jingine, ndani ya siku 90. Dai linalowezekana sasa lipewe tarehe. Lisilowezekana tupewe sababu, na tuambiwe linahitaji nini ili liwezekane. Tuko tayari kuchagua wawakilishi wetu, wanawake na wanaume, wa mjini na wa shamba, wakae na wataalamu wako siku yoyote utakayotuita.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na awajaalie nguvu wanaotuhudumia.

Mapinduzi Daima.

Ni sisi,
Wagonjwa wa moyo na figo pamoja na wauguzaji wetu,
Unguja, Zanzibar.

Nakala kwa:
Baraza la Wawakilishi la Zanzibar
Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar
Bohari Kuu ya Dawa
Ofisi ya Mufti wa Zanzibar
Masheha wa shehia zetu